Jumamosi ya Tobias

Mume wangu Ephantus Githinji alikuwa mtu wa kesho. Simsengenyi; nilimwambia hivyo mbele ya uso wake tangu tulipooana, naye alicheka na kuniahidi kwamba atabadilika kesho. Kazi ya watu aliifanya leo leo, tena kabla jogoo hajawika. Chake mwenyewe ndicho kilichongoja. Viatu vyake vilipelekwa kwa fundi wakati soli imekwisha na anakanyaga ardhi kwa soksi.

Alizaliwa upande wa Gatundu, akajifunza gari kwa mzungu mmoja wa kahawa karibu na Ruiru. Kwanza alilisha ng'ombe, halafu akaosha gari, halafu akalisukuma lilipokwama, na mzungu alipovunjika mguu akaambiwa aliendeshe. Mzungu yule alipouza shamba na kurudi kwao, pikapu yake kuukuu tuliinunua sisi. Tuliuza ndama wawili na cherehani yangu. Ndama nimewasahau. Cherehani sijaisahau.

Tukahamia Makongeni, Thika, na Ephantus akawa mtu wa kubeba mizigo: kabichi kutoka Kalimoni, magunia ya viazi, mbao, mara moja hata kengele ya kanisa. Alijulikana kwa ukimya wake na kwa kufika. Mzigo wa Githinji hufika, walisema watu sokoni, nami nilikuwa najivuna kidogo nikisikia hivyo, ingawa nyumbani sikumwonyesha.

Mwaka wetu wa kwanza na pikapu ile, tukipakia kabichi Kalimoni chini ya mkaratusi, tawi lilikatika likaangukia boneti. Likaibonyeza katikati kabisa, bonde la ukubwa wa beseni la kuogeshea mtoto. Ephantus alijaribu kulinyoosha kwa jiwe akalizidisha. Akasema basi, atalipeleka gari kwa fundi. Mnajua lini.

Wakati wa kiangazi bonde lile lilishika vumbi. Wakati wa masika lilishika maji. Gari likisimama, maji yalitulia mle mpaka ungeweza kunawa uso. Gari likishika mwendo, upepo uliyachota maji yote ukayarusha juu ya kioo cha mbele, na dereva hakuona hata pua ya gari lake. Na waipa haikusaidia. Waipa ya pikapu ile ilivutwa na pumzi ya injini. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, injini ilijitwalia pumzi yote na waipa ikalala pale ilipo. Ukiachia mafuta iliamka. Kwa hiyo mvua ikinyesha, mume wangu aliendesha kwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, shingo imetoka dirishani, na alirudi nyumbani na sikio la kulia limejaa maji.

Mtu aliyeumizwa zaidi na boneti ile hakuwa mimi wala Ephantus. Alikuwa Tobias Opiyo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mjaluo wa kutoka pande za Ziwa, fundi wa mabati katika kiwanda cha mananasi pale Thika. Bati lililobonyea lilimkosesha usingizi. Jioni alinyoosha karai na sufuria za mtaa mzima, na mkewe, Aoko, alimshikia kipande cha chuma upande wa pili ili nyundo ipate pa kutua. Kelele zao zilipita ukutani kwetu kila siku mpaka tukazizoea, na zilipokosekana tulijua wamegombana.

"Omera, ndugu yangu," Tobias alikuwa akimwambia mume wangu, mkono juu ya boneti, "leta hii gari Jumamosi nikitoka kazi. Naigonga kutoka chini, mara mbili tatu, inaruka juu yenyewe. Sitaki hata senti yako."

"Jumamosi ni soko, Tobias. Labda ile ingine."

Jumamosi ile ingine nayo ilikuwa soko. Waliambiana hivyo miaka minne, na ikawa kama salamu yao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wao wawili iliwachekesha.

Masika ya mwaka wa hamsini na tisa yalipoanza, Tobias alinyeshewa akirudi kazini. Homa ikaingia mapafuni. Alilazwa Jumatatu, na usiku wa kuamkia Jumamosi akafariki.

Asubuhi Aoko alikuja mlangoni kwetu. Ninyi mnaowajua Wajaluo mnajua jinsi wanavyomlilia mtu wao. Mtaa mzima husikia. Aoko hakulia. Alisimama mlangoni amefunga leso kiunoni kwa nguvu, macho makavu, na nilipomvutia kiti alikataa.

"Sitakaa mpaka Baba Mumbi anijibu," alisema. Mumbi ni binti yetu wa kwanza. "Nataka gari. Tobias lazima apande treni ya Kisumu leo jioni, pale Nairobi. Ile ya kutoka Nanyuki ingetuchukua hapa Thika, lakini reli imekatwa na mvua. Hospitali wamesema hawana barafu. Asipopanda leo, kesho wanamzika hapa kwa makaburi ya mji."

"Pole, mama," Ephantus alisema. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. "Pole sana. Lakini lori za..."

"Nimeuliza wote. Hakuna mtu anataka kubeba maiti. Baba Mumbi, Tobias alijenga nyumba kwao kwa mikono yake. Mwanaume mwenye boma akizikwa ugenini, boma yake imekufa na vijana wake hawana pa kusimama. Sitaacha hiyo ifanyike. Nitamsukuma kwa mkokoteni kama ni lazima."

Nilimtazama usoni nikajua kwamba angemsukuma.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu mume wangu. Alikuwa Mkristo, amebatizwa, anaimba besi kanisani. Lakini alilelewa na nyanya yake, na kwa nyanya yake maiti haikuguswa. Zamani Mkikuyu aliyegusa maiti alikuwa na unajisi mpaka atakaswe. Watu walihama hata nyumba. Ephantus aliiacha miungu ya nyanya, hofu yake hakuiacha. Baba yake mwenyewe alipofariki, alisimama mbali na sanduku mikono mgongoni.

Aliweka kikombe chini. "Gari inaweza kwenda," alisema. "Lakini mimi sishiki sanduku. Nitaendesha tu."

"Endesha tu," Aoko alisema. Ndipo akakaa.

Nilipomletea chai nilimwambia, dada, lia kidogo, utapasuka. Akatikisa kichwa. "Nitalia akishapanda," alisema, akainywa ile chai ikiwa moto vile vile.

Tanboi wetu, yule aliyekaa nyuma na mizigo, aliposikia tunabeba nini alikumbuka ghafla kwamba shangazi yake ni mgonjwa. Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa bado haijafutwa, na Mkikuyu hakuingia Nairobi bila kibali. Ephantus alipewa cha dereva na cha msaidizi wake, na kwa kuwa msaidizi ametoroka, msaidizi nikawa mimi. Nilivaa koti la mvua la yule aliyetoroka. Ndivyo nilivyopata utanboi, mwanamke wa watoto watatu.

Mchana vijana wa kiwandani walipakia sanduku, wakalifunika kwa turubai, wakarudi mbio kazini maana ulikuwa msimu wa mananasi na msimamizi hakuwa na huruma. Waliopanda nyuma ni wawili tu: Aoko, akiwa na furushi la vitu vya marehemu, na Jeconia, binamu wa Tobias, mzee wa watu wa kwao pale Thika. Waliketi chini ya turubai pande mbili za sanduku. Kwa kawaida tanboi hukaa nyuma. Mimi nilikaa mbele. Ephantus alinishika mkono akasema, "Mama Mumbi, usiniache peke yangu hapa," na mtu akikuomba hivyo unafanya nini?

Tuliondoka mvua ikiwa imeshaanza.

Hatukuwa tumefika mteremko wa Ndarugu maji ya kwanza yalipotupiga. Ephantus alishika mwendo, upepo ukaingia kwenye bonde, na boneti ikatumwagia karai zima la maji. Kioo kikawa cheupe. Akaachia mafuta, waipa ikaamka, ikapangusa mara mbili, nikaona daraja. Akakanyaga kupanda ng'ambo. Waipa ikalala, maji yakaja tena. Nilifungua dirisha, nikatoa mkono na kitambaa, nikapangusa pale nilipofikia. Maji yalinishuka kwenye kwapa mpaka kiunoni.

"Kushoto," nilimwambia. "Kushoto kidogo. Sasa nyoosha."

Tukiwa katikati ya mlima tukasikia mlio nyuma. Pa!

Kila mtu wa mizigo anajua sheria: mtu wa nyuma akigonga mara moja, simama, akigonga mara mbili, twende. Ephantus akasimama. Tukangoja mtu ashuke aseme anachotaka. Hakushuka mtu. Mvua ilinyesha juu ya paa, nasi tukangoja. Mwishowe tukasikia milio miwili hafifu, sijui ni kitu kilichoanguka, tukaondoka. Bonde lilikuwa limejaa wakati tumesimama, na gari lilipojivuta tu, likatumwagia yote.

Karibu na njia ya Kalimoni, pa! tena. Ephantus akasimama tena. Hakushuka mtu.

"Nani anagonga?" aliniuliza, sauti ndogo.

"Si ni hao watu wako wa nyuma?"

"Mtu akigonga husema shida yake. Hawa hawasemi kitu." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limesimama. "Mama Mumbi, kama si wao?"

"Kama si wao ni nani, Baba Mumbi? Nani mwingine yuko huko?"

Mara ile nami nikajuta kuuliza. Tuliketi tukitazama mkonge wa shambani ukilowa. Nilikuwa na hofu, nasema wazi. Nilikuwa pia na hasira, kwa sababu mawingu yalikuwa yanazidi kuwa meusi na treni haimngoji mtu, na nilikuwa nimemwona yule mwanamke akikataa kiti.

Tukaondoka. Maji. Tukasimama kwa mlio wa tatu. Tukaondoka. Maji. Kila kusimama kulijaza bonde na kila kuondoka kulilimwaga, na Ephantus, kwa woga na upofu, sasa alitambaa kama anayefuata maksai. Tulipokaribia Gitothua, pa! ya nne ilimgutusha akakanyaga mafuta badala ya breki. Gari likaruka, boneti ikatupiga na maji yote iliyokuwa nayo, na tuliposimama gurudumu la kushoto lilikuwa ukingoni mwa mtaro, na tawi la mti wa kahawa wa watu limeingia dirishani kwangu.

"Basi," nilisema.

"Unaenda wapi?"

"Kuuliza anayegonga. Kama ni Tobias, tulikuwa tukisalimiana."

Nilishuka katika matope, nikazunguka nyuma, nikainua turubai.

Aoko alikuwa amepiga magoti, kiganja juu ya kifuniko cha sanduku. "Tobias, wadhi," alikuwa akisema. "Wadhi dala." Twende, twende nyumbani, Kijaluo hicho nilikijua, nilikisikia kupitia ukuta. Jeconia alikuwa amevua kofia. Ndipo mzee yule akainua mkono na kupiga sanduku kwa nguvu, pa!, kama anavyopigwa begani mtu mbishi.

"Jeconia!" nilisema. "Kumbe ni wewe unagonga?"

"Tutafanya nini, mama?" Alikuwa karibu kulia. "Hataki kwenda. Unaona mwenyewe gari inasimama. Mtu wetu akikataa safari, gari haiendi mpaka aongeleshwe. Tunamwomba. Gari inatembea kidogo, tunamshukuru, tunagonga kumwambia aendelee, inasimama tena!"

"Gari inasimama kwa sababu mnagonga!"

"Tunagonga kwa sababu inasimama!"

"Na mara ya kwanza kabisa? Kabla haijasimama?"

Jeconia alifikiri. "Mara ya kwanza ilikuwa inaenda pole pole sana kwa ule mlima. Tukajua anaanza kukataa."

Ephantus alikuwa amekuja nyuma yangu, hatua tatu mbali na sanduku, mvua ikimtiririka. Alisikia yote. "Ngai, Mungu wangu!" alisema. "Mzee, kwa pikapu, kugonga mara moja ni kusimama. Mara mbili ndiyo kwenda. Mimi nilikuwa nafikiri..." Hakumaliza alichokuwa akifikiri. Kicheko kikamtoka, kile cha mtu aliyeponea, na Jeconia naye akaanza kucheka akijipangusa macho kwa kofia, na nikacheka mimi mpaka nikashika ubavu wa gari. Mungu atusamehe, tulicheka mbele ya marehemu. Naamini naye angecheka, tena angecheka zaidi.

Aoko hakucheka. Aliangalia mbingu, akaangalia barabara ya kwenda Ruiru.

"Tumechelewa kiasi gani?"

Ephantus aliacha kucheka. "Sana," alisema. "Nikikimbia tunaweza kufika. Lakini nikikimbia sioni. Ile maji ya boneti inanifunga macho, na hapa mbele kuna daraja ya Ruiru na lori za kahawa. Nitawaua nyote."

Aoko aliruka chini. Alizunguka mpaka mbele ya gari akasimama mbele ya boneti. Bonde lilikuwa limeshajaa tena, matone yanaruka ndani yake. Aliingiza mkono, akapapasa chini, polepole, kwa ncha za vidole. Nilikuwa nimewahi kumwona mtu mwingine akipapasa mahali pale vile vile.

"Leo ni siku gani?" aliuliza.

Sote tulijua.

"Ni Jumamosi," alisema Aoko. "Jeconia, nipe ile furushi."

"Hapana," alisema Jeconia. "Mama, vyombo vya marehemu havifunguliwi njiani. Vinafika nyumbani vile vilifungwa. Unajua hivyo."

"Najua. Na mwenye vyombo asipofika, hivyo vyombo vinampelekea nani?"

"Watu watasema nini?"

"Watasema Tobias alizikwa kwao. Ama watasema alizikwa Thika na furushi lake likiwa limefungwa vizuri. Chagua." Alinyoosha mkono. "Alimwambia huyu mtu, leta Jumamosi. Nilimsikia kila wiki. Tobias hakuwa mtu wa kuacha kazi aliyoahidi. Nipe nyundo yake."

Jeconia aliliweka furushi magotini. Kisha mzee yule akafungua fundo, kwa meno, maana mvua ilikuwa imelikaza.

Tulifanya hivi. Ephantus alifungua boneti, maji yakamwagika yote miguuni pake, akaishikilia kwa mikono miwili. Mimi nilivua koti nikatandaza juu ya injini, nikalishika pembe ili plagi zisilowe. Jeconia aliambiwa aweke kile kipande cha chuma, kilichotoka furushini pamoja na nyundo, juu, ukingoni mwa bonde, akisukume chini kwa uzito wake wote. Aoko aliingia chini ya boneti, akainama, akatafuta mahali kwa kidole gumba, akapiga.

Mlio ule niliujua. Miaka minne ulipita ukutani kwangu jioni nikipika. Ephantus naye aliujua. Niliona uso wake.

Aoko akapiga tena. Hakupiga katikati, alizunguka ukingoni, kidogo kidogo, akimwambia Jeconia sogeza, sogeza, hapo. Mvua ilimwingia shingoni. Leso ilifunguka akaifunga kwa mkono mmoja bila kuangalia, akaendelea. Mara moja nyundo ilimpata kidole. Alikitia mdomoni, akakitoa, akapiga. Ndipo akarudi katikati, akavuta pumzi, akapiga kwa nguvu, na boneti ikaruka juu, bam!, kama mfuniko wa debe la mafuta.

Ephantus aliishusha. Haikuwa nzuri. Ilikuwa na makunyanzi, ilikuwa na nundu. Lakini sote wanne tulisimama tukitazama mvua ikiiangukia, ikatiririka kulia na kushoto na kudondoka chini, bila kutuama hata ya kujaza kiganja.

"Imeisha," Aoko alisema. Akaipangusa nyundo kwa leso yake, kichwa na mpini, akairudisha furushini mwenyewe. Kisha akaenda nyuma, akainama juu ya sanduku, akasema jambo moja fupi ambalo sikulisikia, na sikuuliza.

Basi mume wangu akaendesha. Mimi nimepanda gari naye maisha yangu yote, sijamwona akiendesha vile tena. Waipa ililala na kuamka kama kawaida yake, lakini mvua ya mbinguni peke yake ni mvua tu. Unaipenya ukikaza macho. Tulivuka daraja la Ruiru na mto umejaa mpaka kwenye magogo. Kwenye kizuizi askari aliinua turubai, akalishusha haraka, akatupungia tupite. Ishara moja tu ilisikika njia nzima, tulipopita mahali paitwapo Kahawa: pa, pa. Ephantus alitabasamu bila kugeuka.

Tulifika stesheni ya Nairobi taa zimewashwa. Treni ilikuwa imesimama, mabehewa yamejaa watu na kuku, na mwenye bendera alikuwa anatembea kuelekea nyuma. Jeconia alikimbia na karatasi. Akarudi akihema: behewa la mizigo liko wazi, la mwisho kabisa, lakini wapagazi wote wako upande wa barua na mwenye bendera amesema hangoji. Tubebe sanduku wenyewe, sasa hivi, au libaki.

Sanduku lina pembe nne. Jeconia akashika moja ya mbele. Aoko akashika ya pili. Nikashika ya nyuma, upande wangu. Pembe ya nne ilibaki.

Sikumwita. Nataka hilo lijulikane. Aoko naye hakumwita. Alimwambia endesha tu, na mume wangu alikuwa ameendesha. Aoko alikuwa akifikiri, nadhani, jinsi ya kuliburuta. Alikuwa ameshabadilisha mkono ili achukue uzito wa pembe mbili.

Ephantus alikuwa kando ya mlango wa gari, mikono mgongoni. Nilimwona akiitazama boneti yake. Akatoa mikono mgongoni, akaipangusa kwenye suruali, moja kisha nyingine, akaja, akainama, akashika.

Tulikimbia nalo. Mliwaona wapi mzee, mjane na watu wa kabichi wakikimbia na jeneza kando ya treni, watu wakitoa vichwa madirishani? Tulikimbia. Ephantus alikuwa mrefu kuliko sisi, kwa hiyo uzito ulimlalia yeye, na alipumua kwa kelele karibu na sikio langu. Tuliliingiza behewani, tukapanda nalo sote wanne, Aoko na furushi lake.

Filimbi ilipigwa. Nilishuka. Ephantus hakushuka. Alikuwa bado amesimama kando ya sanduku, maji yakimdondoka kidevuni, na midomo yake ilicheza kama mtu anayetafuta neno la Kijaluo asilolijua. Hakulipata. Akainama, akaweka kiganja chake kwenye kifuniko, akagonga.

Pa, pa.

Aoko alimtazama akishuka. Kisha akakaa chini kando ya mumewe, akafungua leso kiunoni, na treni ilipoanza kuvuta, akalia.